Sokwe wa Laikipia na Sisi Watatu

Mwaka huu wenzangu wa Kidato cha Tatu wameandika juu ya mapenzi, dawa za kulevya na mbinu za kupita mtihani. Mimi nimeomba nafasi niandike juu ya sokwe. Najua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Kwanza tusahihishane. Sokwe si nyani. Nyani ana mkia, tumbili ana mkia, na mbega ana mkia mrefu wa kupendeza. Sokwe hana mkia. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye Watanzania humwita sokwemtu, na jina hilo limemkaa vizuri, maana wataalamu wanasema hakuna mnyama aliye karibu na binadamu kumshinda yeye na binamu yake bonobo wa kule Kongo. Siku ya safari yetu, mvulana mmoja ambaye sitamtaja alipiga kelele, "Oneni nyani!" na mtunzaji wa pale akamsahihisha kwa upole mbele ya basi zima.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba misitu ya Kenya haina sokwe wa porini. Wako Uganda katika misitu ya Kibale na Budongo, wako Tanzania katika Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, wako Kongo na kwendelea mpaka Afrika Magharibi. Zamani sana walikuwepo hata kwetu. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba meno ya sokwe yaliyopatikana karibu na Ziwa Baringo yana umri wa zaidi ya miaka 500,000. Baada ya hapo walitoweka kwetu, na sokwe tukabaki kuwasoma vitabuni.

Basi hao tuliowaona ni wa wapi? Ni wageni, kila mmoja na kisa chake. Wanaishi Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia, karibu na mji wa Nanyuki. Ol Pejeta ni eneo la ekari kama 90,000 na wengi huijua kwa ajili ya Najin na Fatu, wale vifaru weupe wa kaskazini, majike wawili tu waliobaki duniani kote. Tuliwaona pia. Hata hivyo mimi moyo wangu ulibaki kwa sokwe.

Tulisafiri mwezi wa Juni mwaka 2025, nilipokuwa Kidato cha Pili. Chama cha wanyamapori kiliandaa safari kikishirikiana na chama chetu cha Kiswahili. Nyanya aliuza mikungu miwili ya ndizi na jogoo mmoja ili nipate nauli. Tulipitia Kericho, Nakuru na Nyahururu, tukalala katika madarasa ya shule moja huko Nanyuki. Ya njiani niyaache, kwa kuwa kila insha ya safari katika jarida hili huwa na gari lililopata pancha, na letu halikupata.

Kituo hicho cha sokwe kilianzishwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, na Taasisi ya Jane Goodall. Mwaka huo vita vilikuwa vimezuka Burundi, na mjini Bujumbura kulikuwa na sokwe mayatima waliohitaji kuondolewa kabla risasi hazijawafikia. Wale wa kwanza kuletwa Kenya walitoka huko, na wengine wakafuata. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba ni wakimbizi kama wakimbizi wengine, ila hawakuja na mabegi.

Nilishangaa niliposikia jinsi mtoto wa sokwe anavyokuwa yatima. Nilidhani mama hufa kwa ugonjwa. Kumbe mwindaji hawezi kumchukua mtoto mama akiwa hai. Mama hukubali kufa kuliko kumwachilia. Kwa hiyo mama huuawa kwanza, nyama yake huliwa au huuzwa, na mara nyingine sokwe wengine wanaokuja kumtetea huuawa pia. Kisha mtoto huuzwa kama kitu cha kuchezea. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano, na hata akiacha kunyonya bado humfuata mamake miaka mingi. Sasa hebu fikiria amekatwa hapo katikati.

Tuliambiwa habari za mmoja aitwaye Poco. Huyu aliishi miaka tisa ya kwanza ya maisha yake Bujumbura, ndani ya kizimba kilichotundikwa juu mahali pa biashara ili kuvuta wateja. Kizimba chenyewe kilikuwa chembamba hata hakuweza kutembea kwa miguu na mikono kama sokwe wengine, ikambidi awe wima tu. Alipofika Kenya akapewa nafasi pana, aliendelea kutembea wima kwa miguu miwili kama mtu, mara nyingi kuliko wenzake wote. Watalii walimfurahia sana na kumpiga picha. Mimi sikuona cha kufurahia. Ule mwendo ulikuwa kovu.

Mwingine anaitwa Manno. Huyu alitolewa mbali zaidi, mji wa Duhok kule Iraki, katika bustani ya wanyama ya mtu binafsi. Alikuwa akivalishwa nguo za watoto na kulishwa peremende na soda na wageni. Aliletwa Kenya mwishoni mwa mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka kama minne. Alikuwa amekulia mikononi mwa watu. Lugha ya sokwe wenzake hakuijua.

Ndipo nilipoinua mkono na kuuliza: mgeni kama huyo anapokelewaje? Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza, nitaieleza mbele.

Jibu ni kwamba hatupwi tu katikati ya kundi. Sokwe ni wakali kwa wasiowajua na wanaweza kuua. Kwanza mgeni hukaa peke yake ili ihakikishwe kuwa hana magonjwa. Kisha huonyeshwa wenzake kupitia wavu, ili waonane, wanusane na kugusana vidole bila kuumizana. Baadaye huunganishwa na mmoja mpole, mara nyingi jike mwenye huruma, halafu wa pili, halafu wa tatu. Kazi hiyo huchukua miezi. Watunzaji hutazama ni nani anayemkaribia mgeni kwa wema, na huyo ndiye hufanywa mlango wake wa kuingilia katika kundi. Akiwa na rafiki mmoja, wengine humkubali upesi.

Pale Sweetwaters kuna makundi mawili, na kati yao unapita mto Ewaso Nyiro. Sokwe hawajui kuogelea na huogopa maji mengi, kwa hiyo mto ni mpaka tosha. Pande nyingine zina ua wa nyaya za umeme. Asubuhi hutoka katika nyumba zao za kulala, hupewa matunda na mboga, kisha huingia vichakani kutwa nzima, na jioni hurudi ndani. Sokwe wa porini hana nyumba. Yeye kila jioni hupanda mtini, hukunja matawi na kutandika majani, akalala, na kesho yake hutengeneza kitanda kingine. Watoto hujifunza kwa kumtazama mama.

Tulifika saa tisa alasiri. Tuliamriwa tusiwatupie chakula wala kuukaribia ua. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mafua aliambiwa akae nyuma kabisa, kwa sababu mafua yetu huwaambukiza na yanaweza kuwaua. Tena tukaonywa kuwa sokwe akikasirika hurusha mawe na vijiti. Wavulana waliposikia hivyo wakaanza kutamani arushe.

Sikilizeni niliyoyaona kwa macho yangu. Chini ya mti walikaa sokwe wanne. Mmoja alikuwa amelala chali, mkono mmoja juu ya kichwa kama mzee aliyeshiba. Wa pili alikuwa akimsafisha manyoya, akiyapanga kidole kwa kidole, akiondoa takataka na kugonganisha midomo yake polepole. Wa tatu alikuwa akimsafisha wa pili. Wa nne alikaa kando akisubiri zamu. Jambo hilo halina haraka. Walikaa hivyo muda wote tuliokuwa pale, karibu saa nzima. Mtunzaji alisema si usafi tu, ndiyo salamu yao, ndiyo pole yao, ndiyo pia siasa yao, maana dume anayetaka kuongoza huhitaji marafiki, na marafiki hupatikana kwa vidole.

Mimi nilikumbuka Jumamosi jioni nyumbani, ninapomsuka mdogo wangu naye amelaza kichwa mapajani mwangu. Ndiyo yale yale.

Kisha pakazuka fujo. Dume mkubwa alipita, manyoya yamesimama, akakokota tawi na kumzaba kofi kijana mmoja aliyekuwa ameshika kipande cha tunda. Mayowe yakajaa mpaka wasichana tukashikana mikono. Tukadhani watararuana. Lakini haukupita muda, yule kijana akaenda akajiinamisha mbele ya mkubwa, akanyosha mkono, kiganja juu, kama anayeomba. Mkubwa akamgusa. Wakakaa pamoja, vidole vikaanza kazi. Baadaye nilisoma kwamba Mholanzi mmoja, Frans de Waal, aliyachunguza mambo haya katika bustani ya wanyama ya Arnhem miaka ya 1970, akaona kwamba sokwe waliogombana huwa wanatafutana baadaye, hukumbatiana na hata kubusiana. Sisi kwetu kuna majirani wameacha kusalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba, na kesi yenyewe iliisha kabla sijazaliwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Kituo hiki hakikuwekwa ili sokwe wazaane, na majike huzuiliwa kupata mimba, kwa kuwa Kenya si kwao na nafasi haitoshi. Kwa hiyo wengi wa wale niliowaona hawana mama pale, hawana dada wala kaka wa damu. Mmoja ametoka Burundi, mwingine kwingineko, na Manno ametoka Iraki. Undugu wao wote wameutengeneza wenyewe. Na hawatarudi makwao kamwe. Hawajui kutafuta chakula porini, na wakikutana na kundi la wenyeji watauawa.

Sasa nieleze sababu yangu. Sisi tumezaliwa watatu: mimi, kaka yangu wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wetu wa kike wa miaka sita. Baba alitangulia mwaka 2020, mama akafuata mwaka 2023. Tunaishi na nyanya mzaa baba huku Nyamira, yeye na majani yake ya chai. Mnajua katika Ekegusii "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Mdogo wetu alikuwa mchanga mama alipofariki, kwa hiyo siku nyingine akiwa na usingizi huniita "baba". Mgeni wa kutoka pwani akisikia atashangaa. Mimi huitika tu.

Tangu mazishi, wakubwa walikuwa wakisema nyanya amezeeka na mzigo ni mzito. Mpango wao ulikuwa tugawanywe. Kaka aende Keroka kwa baba mdogo, mdogo wetu aende Kisii mjini kwa shangazi mwenye kibanda karibu na soko la Daraja Mbili, na mimi nibaki na nyanya kwa sababu ya shule. Sisemi wana roho mbaya. Kila mmoja ana watoto wake, na karo ni karo. Lakini mpango huo ulikuwa ukinikosesha usingizi hata kabla ya safari ya Laikipia.

Tarehe 1 Oktoba 2025 Jane Goodall alifariki akiwa na umri wa miaka 91. Tulipopata habari hizo, mwalimu wetu wa biolojia alituletea kitabu chake kimoja, nami nikakikazania kuliko vile vya mtihani. Mama huyu alifika Gombe mwaka 1960, akiwa hana shahada yoyote ya chuo kikuu, akaketi msituni mpaka sokwe wakamzoea. Yeye ndiye aliyeona sokwe akichovya kijiti katika kichuguu ili kuvua mchwa, wakati ambapo dunia ilisadiki kuwa ni binadamu peke yake anayetengeneza vyombo vya kazi.

Katika habari za Gombe nilikutana na mayatima wawili. Wa kwanza ni Flint. Mamake, Flo, alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa na miaka kama minane, umri wa kujitafutia chakula, lakini alikuwa amemganda mamake kupita kiasi. Aliacha kula, akajitenga na wenzake, na baada ya wiki chache naye akafa. Wa pili ni Mel. Mwaka 1987 ugonjwa kama nimonia uliwaua sokwe kadhaa, na mama wa Mel akiwa mmoja wao. Mel alikuwa na miaka kama mitatu tu, dhaifu, wala hakuwa na kaka au dada wa kumbeba. Kwa kawaida ndugu wakubwa ndio hubeba wadogo wao mama akifa. Akatokea Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili asiye na undugu naye, ambaye pia alikuwa amefiwa na mamake katika ugonjwa ule ule. Spindle akambeba Mel mgongoni. Mvua ikinyesha alimwacha ashikilie kifuani. Aligawana naye chakula na kulala naye kitanda kimoja. Mel akapona.

Habari hizo nilimsimulia nyanya jioni moja tukichambua maharagwe. Nyanya hajui kusoma, lakini kusikiliza anajua. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Huyo kijana aliyebeba, naye nani alimbeba?" Nilikosa jibu. Kitabu hakikusema.

Mwezi wa Desemba wakubwa walikutana nyumbani, kama ilivyo desturi wakati watu wa Nairobi wamekuja kwa Krismasi. Watoto hatuketi katika kikao kama hicho. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali, na ukuta wa jikoni yetu hauzuii neno. Baba mkubwa alisema mengi ya maana, na shangazi akasema chumba chake kinatosha. Ndipo nyanya akawaambia kwamba kule Tanganyika kuna mnyama aliyembeba mtoto asiye wake mpaka akapona, na mwingine aliyetengwa na wake akafa kwa huzuni, na kwamba yeye hajachoka bado.

Baba mkubwa akacheka. "Mama, leo umetufananisha na nyani?"

"Si nyani," nyanya akajibu. "Hana mkia."

Nikauma midomo nisicheke, sufuria ikanusurika kupinduka.

Kikao kiliendelea mpaka giza likaingia. Nyanya hakushinda kila kitu. Iliamuliwa mdogo wetu abaki nasi, na shangazi awe analeta unga na sabuni kila mwisho wa mwezi. Kaka alienda Keroka mwezi wa Januari, kwa kuwa huko kuna shule karibu na baba mdogo amekubali kumlipia. Mimi nilimwomba baba mdogo, kwa adabu zote, kaka awe anakuja nyumbani kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Alifikiri, akasema nauli ni mzigo. Nikamwambia kwamba nauli ya kuja nitaitoa mimi, kwa pesa za kuchuma chai siku za likizo. Akakubali, naye akasema ile ya kurudi ataitoa yeye.

Wiki za kwanza kaka alikuwa akifika, anaketi mlangoni, haongei. Ukimwuliza habari za Keroka anasema ni nzuri, basi. Nyanya alinikataza kumhoji. Alisema tumwache akae tu karibu nasi. Mdogo wetu hakuambiwa na mtu, alienda mwenyewe akaketi nyuma yake, akaanza kumtoa vishada vya nyasi vilivyonasa kwenye sweta, kimoja kimoja. Ijumaa ya nne kaka akasema ana njaa.